Asiransi ya ugonjwa mukubwa: tusome orodha mbele ya kusinye

Tangu miezi mingi, kila tunapokutana na wachimbaji, iwe Mongbwalu, iwe Nizi, iwe hapa Bunia, swali moja linarudia: "Papa delege, hii asiransi ya ugonjwa mukubwa ni ya kweli, ao ni njia ingine ya kutukamata feza?" Wengine wamesikia habari yake kwa ndugu wanaokaa Kampala ao Nairobi. Wengine wameona kijana mwenye shati safi anafika na makaratasi ya Kifaransa, anasema: lipa kidogo kila mwezi, na siku munganga atakuambia uko na kansa, tutakupa dola mukononi.

Jibu letu sisi wa sendika ni hili. Asiransi ya namna hiyo ipo, na si bwizi. Lakini hailipi kila ugonjwa. Inalipa tu magonjwa yaliyoandikwa kwenye orodha yake, na inalipa vile yalivyoandikwa. Na ugonjwa unaotumaliza sisi watu wa shimo, mara nyingi hauko kwenye orodha ile. Ndiyo maana tunaandika leo, ili kila familia ijue mambo ya kuuliza mbele ya kutoa franga ya kwanza.

Ilianzia kwa munganga

Watu wengi wanafikiri asiransi hii ilitungwa na wafanyabiashara. Aliyeleta wazo ni munganga wa kupasua moyo wa Afrika ya Kusini, Marius Barnard. Kaka yake, Christiaan Barnard, ndiye aliyebadilisha moyo wa mutu kwa mara ya kwanza duniani, tarehe 3 Desemba 1967 kule Cape Town, na Marius alikuwa kwenye kikosi kile. Kisha miaka, Marius aliona jambo moja linarudia: mugonjwa anapasuliwa vizuri, anatoka hospitali muzima, lakini nyumba yake imekwisha. Kazi imepotea, deni limejaa, watoto wamefukuzwa masomo. Mutu amepona na familia imeanguka.

Akaenda kuongea na watu wa asiransi, na mwaka 1983 kontra ya kwanza ya namna hiyo ikauzwa katika nchi yake. Orodha ilikuwa fupi, mambo manne tu: kansa, moyo kushikwa gafula, damu kuziba ao kupasuka kwenye ubongo (ile tunaita AVC), na kupasuliwa mishipa ya moyo. Leo kontra zingine ziko na magonjwa makumi, pamoja na figo zilizokufa. Lakini kazi yake ni ileile: munganga akihakikisha ugonjwa, kampuni inatoa feza kwa mara moja, kiasi mulichopatana siku ya kusinye. Makaratasi inaita kiasi hicho "capital".

Hapo ndipo tofauti na asiransi ya hospitali. Ile ya hospitali inalipa hospitali. Hii inalipa wewe. Hakuna mutu atakuuliza umenunua nini. Unaweza kulipa dawa, kodi ya nyumba, masomo ya watoto, ao deni la duka.

Kwa mutu wa Ituri, faida yake inaonekana haraka. Mara nyingi mugonjwa wa kansa anaambiwa aende Kampala, kwenye hospitali ya Mulago, pale iko Uganda Cancer Institute iliyoanza mwaka 1967. Hesabu safari: gari mupaka Mahagi ao pirogi ya motere kwenye ziwa, makaratasi ya mupaka, chumba cha kulala, chakula cha mugonjwa na cha ndugu anayemulinda, kisha kurudi tena kwa matibabu ya pili na ya tatu. Feza hizo haziko kwenye fakture ya hospitali yoyote, na ndizo zinauzisha shamba na mbuzi za familia.

Mifuko minne, tusichanganye

Tunasikia watu wakisema: "Mimi niko tayari na CNSS, asiransi ya nini?" Ao: "Patroni wetu analipa hospitali, inatosha." Kila mufuko uko na kazi yake. Tuangalie mumoja mumoja.

Wa kwanza ni patroni. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema mwenye kazi lazima amutibishe mufanyakazi na familia yake wakati wote kontra ya kazi inaendelea. Ukigonjwa na kazi ikasimama, uko na haki ya kupata mbili ya tatu ya mushahara. Hiyo ni haki, si zawadi, na inamuhusu pia mufanyakazi wa kampuni ndogo inayofanya kazi chini ya kampuni kubwa. Lakini sheria hiyohiyo inamuruhusu patroni kuvunja kontra kama mufanyakazi amekaa miezi 6 mufululizo bila kuweza kazi, isipokuwa kama ni ajali ya kazi ao ugonjwa wa kazi. Kansa haimalizwi na miezi 6, wala AVC. Siku kontra inavunjika, hata matibabu ya patroni yanasimama. Kwa hiyo mufuko huo unafungwa pale mugonjwa anauhitaji zaidi.

Wa pili ni CNSS, ile wazee walijua kwa jina la INSS. Sheria yake mupya ni ya tarehe 15 Julai 2016. Iko na matawi matatu: jamaa, pansioni, na hatari za kazi. Kwa tawi la hatari za kazi, patroni peke yake ndiye analipa, 1,5% ya mushahara. Mufanyakazi hakatwi kitu. Kama ugonjwa wako unatambulika kuwa umetoka kwa kazi, hapo ndipo unadai. Lakini CNSS haina tawi la ugonjwa wa kawaida. Mwenye kansa ya tumbo atapata labda pansioni ya ulemavu, kama ametimiza masharti, na njia yake ni ndefu.

Wa tatu ni mutuelle ya afya, ile inayoongozwa na sheria ya tarehe 8 Februari 2017. Wanachama wanachanga, na mutuelle inalipa sehemu ya fakture kwenye hospitali walizopatana nazo. Ni chombo kizuri sana kwa malaria, kwa mama anayezaa, kwa mutoto mwenye homa. Lakini iko na kipimo, na ugonjwa wa dola maelfu unapita kipimo hicho.

Wa nne ni asiransi ya biashara. Toka mwaka 1966 SONAS ilikuwa peke yake inchini. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, na toka mwaka 2019 makampuni mengine yalipata ruhusa. Mulinzi wa soko hilo anaitwa ARCA. Asiransi ya ugonjwa mukubwa iko kwenye mufuko huu wa nne.

Sasa mutu wa kare, muchimbaji wa mikono, yuko wapi? Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, inamutaka awe Mucongomani, awe na karte yake na awe ndani ya koperative. Lakini hana patroni anayemulipa mushahara. Kwa hiyo mufuko wa kwanza haumujui, na wa pili mara nyingi hamujui. Wazee wetu wa Kilo-Moto wanakumbuka wakati kampuni ilikuwa na hospitali yake. Wakati ule umepita. Kwa mutu wa kare, mifuko iliyo karibu ni mutuelle na asiransi, na yote miwili inafunguliwa na feza yake mwenyewe. Ndiyo maana lazima ajue ananunua nini.

Maneno ya Kifaransa ya kutafuta kwenye kontra

Kontra zinaandikwa kwa Kifaransa kigumu. Usione haya. Chukua kalamu, tafuta maneno haya, na umulazimishe muuzaji akueleze kila moja kwa Kiswahili mbele ya shahidi.

"Définition". Jina la ugonjwa halitoshi. Soma maelezo chini ya jina. Kansa iliyo mwanzoni kabisa, mara nyingi hailipwi. AVC inalipwa kama imeacha ulemavu unaodumu. Figo zinalipwa kama zote mbili zimekufa na mugonjwa anasafishwa damu na mashine. Na kila mara wanadai hakikisho: kwa kansa, kipande cha nyama kilichopimwa kwenye laboratware. Hapa kwetu wagonjwa wangapi wanakufa bila karatasi ile? Kwa hiyo uliza mapema: mukitaka hakikisho, inafanyiwa wapi, na nani anailipa? Kama jibu ni "mugonjwa mwenyewe, kule Kampala", andika hiyo kwenye hesabu yako.

"Délai de carence". Huo ni wakati wa kungoja. Kwa kontra nyingi ni miezi 3 hivi toka kusinye. Ugonjwa ukionekana ndani ya siku zile, hawalipi. Hakuna mutu anayeweza kununua asiransi leo juu ya uvimbe alioona jana.

"Délai de survie". Kontra nyingi zinataka mugonjwa awe angali muzima kisha siku 14, ao 28, ao 30 toka munganga kuhakikisha ugonjwa. Akifa mbele ya siku zile, familia haipati kitu. Asiransi hii ni ya mugonjwa anayeishi. Ya kifo ni ingine, iko na kontra yake.

"Déclaration" na "maladie antérieure". Watakuuliza kama uligonjwa zamani, kama unavuta sigara, kama unafanya kazi gani. Sema kweli. Kama muuzaji anakuambia "andika mukulima, bei itakuwa chini", mufukuze. Siku ya ugonjwa, kampuni itapata kwamba ulikuwa unashuka shimoni, na itakuwa na sababu ya kukataa kulipa. Utakuwa umelipa miaka yote bure.

"Exclusions". Hayo ni mambo ambayo hawalipi hata kidogo. Mara nyingi utakuta vita na fujo. Sisi tunaokaa Ituri tunajua maana yake. Tafuta pia kama wameandika "maladie professionnelle", maana yake ugonjwa uliotoka kwa kazi. Ikiwa imo, kontra hiyo imekuacha wewe muchimbaji inje.

"Prime" na "délai de grâce". Prime ni malipo yako. Délai de grâce ni siku wanazokuvumilia ukichelewa. Mukulima anapata feza kwa mavuno, sisi tunapata siku shimo linatoa. Mvua ikijaza mashimo, wiki tatu hakuna hata gramu. Kama kontra inakufa kisha siku 15 za kuchelewa, kontra hiyo haikufikiriwa kwa mutu wa shimo.

Ugonjwa wetu hauko kwenye orodha

Turudi kwa jambo ambalo linatuuma. Ukifungua orodha nyingi, utaona kansa, moyo, AVC, figo. Hiyo ni orodha iliyoanzia kwa wagonjwa wa munganga wa moyo. Hakuna mubaya ndani. Lakini tuulize: mutu aliyekaa miaka 15 shimoni, ao mama anayetwanga mawe toka asubui mupaka jioni, anagonjwa nini?

Anagonjwa mapafu. Lile jiwe jeupe tunalovunja kutafuta zahabu liko na silisi. Vumbi lake laini halionekani kwa macho, linaingia ndani ya mapafu na halitoki tena. Mapafu yanaanza kuwa na makovu, mutu anakosa pumuzi akipanda kilima kidogo, kisha akitembea, kisha akilala. Ugonjwa unaitwa silikosi. Unaweza kuonekana kisha miaka 10 ao zaidi, hata kama mutu ameacha kazi. Hauna dawa ya kuuponyesha. Na unafungua mulango kwa kifua kikuu na kwa kansa ya mapafu. Hapa kwetu wengi wanaandikiwa tu "TB". Wanameza dawa, ambayo kwa bahati ni ya bure, wanamaliza, wanaendelea kukohoa, wanaandikiwa TB tena. Hakuna aliyewauliza: unafanya kazi gani?

Kontra zingine ziko na musitari wa "insuffisance respiratoire terminale". Muuzaji atakuonyesha musitari huo na kusema: mapafu yako ndani. Soma vizuri. Neno "terminale" maana yake ni mwisho: mutu anayeishi na mashine ya oksijeni kila siku. Nani Kobu ao Bambu anaishi na oksijeni nyumbani mupaka amalize makaratasi? Kwa wengi wetu, musitari ule ungelipa kisha mazishi.

Zebaki vilevile. Tunaichoma kwenye moto, mara nyingi karibu na jiko, watoto wako pale. Moshi wake unaharibu figo na mishipa ya fahamu, mikono inatetemeka. Dunia iliona ubaya wake mupaka ikapatana mukataba wa Minamata mwaka 2013. Figo ziko kwenye orodha nyingi, lakini kutetemeka hakumo.

Afrika ya Kusini, pale asiransi hii ilizaliwa, ndugu zetu wa zahabu hawakulipwa na orodha ya mutu. Wachimbaji wenye silikosi na TB, pamoja na wale waliotoka Lesotho na Msumbiji, walipeleka makampuni ya zahabu mbele ya tribinali. Mwaka 2018 makampuni sita yalikubali kutoa randi bilioni 5 hivi, na mwaka 2019 tribinali ya Johannesburg ikakubali mapatano. Waliungana ndiyo wakasikilizwa. Mumoja mumoja, wangekufa na karatasi za hospitali mukononi.

Pamoja tunaweza kubadilisha orodha

Mutu mumoja akienda kwa kampuni ya asiransi, anapewa kontra iliyoandikwa tayari: chukua ao acha. Lakini koperative ya watu 200, ao sendika yenye delege kwenye kila chantier, inaweza kukaa kwenye meza na kuongea. Hiyo inaitwa kontra ya kikundi.

Tufanye hesabu, ni mufano tu, si bei ya kampuni yoyote. Watu 200 wanatoa dola 3 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 7.200. Kama capital ni dola 2.000 na watu 3 wanagonjwa, kampuni inatoa 6.000, inabakia na 1.200 ya kazi yake. Kama watu 5 wanagonjwa, ni dola 10.000, na kampuni lazima ilipe hata kama mulichanga 7.200. Hapo ndipo tofauti na likelemba ao AVEC: sanduku la likelemba likiisha, limekwisha. Lakini pia tuseme wazi: kama hakuna aliyegonjwa, feza hairudi. Unanunua ulinzi, hauweki akiba. Kwa hiyo usivunje AVEC yako juu ya asiransi.

Kikundi kidai nini? Kwanza, silikosi iandikwe kwa jina lake, na ilipwe hata kwa sehemu toka radio ya kifua inapoionyesha, bila kungoja oksijeni. Pili, kusiwe na kukataza ugonjwa wa kazi. Tatu, hakikisho likubaliwe toka hospitali kubwa za hapa Bunia. Nne, siku za kuvumilia zifike hata 60, juu ya mvua na juu ya kukimbia vita. Kampuni inaweza kupandisha bei kidogo, ao kukataa dai moja. Hayo ni mazungumuzo. Lakini haitaandika kitu ambacho hakuna mutu ameomba.

Na tusisahau: asiransi haiondoe deni la patroni. Kama uko na kontra ya kazi, matibabu ni juu yake, CNSS ni juu yake, maji ya kulowanisha vumbi ni juu yake. Patroni akikuambia "nunua asiransi yako, mimi nimemaliza", kuja kwa delege wako.

Mbele ya kusinye, fanya haya

1. Uliza jina la kampuni na karatasi ya ruhusa ya ARCA. Asiransi ya hatari ya hapa Congo lazima iwe ya kampuni yenye ruhusa ya hapa Congo.

2. Usitoe feza mukononi bila resi. Ukilipa na telefone, jina linaloonekana liwe la kampuni, si la kijana aliyekuja kwako.

3. Chukua kontra yote nyumbani siku tatu, si karatasi ya picha peke yake. Isome pamoja na mutoto anayesoma Kifaransa, ao ulete kwa delege.

4. Pigisha radio ya kifua sasa, ungali na nguvu, na umwambie munganga kazi unayofanya na miaka uliyofanya. Aandike kwenye fishi. Karatasi hiyo itakusaidia kwa asiransi, kwa CNSS na kwa tribinali.

5. Piga picha ya kila karatasi na uitume kwa mutu anayekaa mbali na wewe. Tunaokimbia mara kwa mara tunajua: nyumba ikiungua, kontra nayo inaungua.

6. Mwambie bibi ao bwana wako kwamba kontra ipo, inaitwa nani, na iko wapi. Mwenye AVC hawezi kusema.

Wenye kusinye tayari, leteni kontra zenu kwa delege wa chantier yenu. Tunazikusanya ili tulinganishe musitari kwa musitari, na koperative zinazotaka kuingia kwenye mazungumuzo ya kikundi zichague watu wawili wanaojua kusoma na kuhesabu. Mumoja kati yao awe mama anayetwanga, juu vumbi halichague mwanamume wala mwanamuke.